CD Inaporuka, Tuanzie Wapi?



Katika parokia na vigango vyetu vingi bado lipo sanduku la CD: nyimbo za kwaya, mafundisho ya semina, rekodi za upadrisho na za jubilei. Simu zimechukua nafasi kubwa, lakini si kila kilichorekodiwa zamani kimehamia kwenye simu. Mara nyingine kilichobaki ni CD moja tu, na chombo pekee cha kuisikiliza ni ile mashine ndogo ya mkononi inayotumia betri mbili. Siku mashine hiyo inapoanza kuruka, wimbo hukatika katikati ya neno, hurudia silabi ileile, au huhama ubeti. Basi tunasema, "Imekufa hii," na kuiweka pembeni. Au tunafanya jambo baya zaidi: tunaichukua CD na kuisugua kwa nguvu.

Mafrateri watatu tulikutana na jambo hili Pemba, tulipokuwa huko kwa kazi za likizo. Waamini Wakatoliki wa kisiwa hicho ni wachache. Wako chini ya Jimbo la Zanzibar, lililofanywa jimbo kamili mwaka 1980, na kwaya zao ni ndogo. Kwaya tuliyokuwa nayo ilikuwa na CD moja yenye nyimbo za mwalimu wao aliyekwisha kufariki. Alifundisha kwa sikio na hakuacha nota. Sauti ya pili na ya nne zilikuwa kwenye CD ile tu, na Juma Kuu lilikuwa linakaribia. Mashine iliruka kila baada ya dakika chache.

Makala hii inaeleza hatua za kufuata. Neno letu kuu ni hili: kuruka ni dalili moja yenye sababu nyingi, na anayeanza na sababu asiyoijua huweza kuharibu kilichokuwa kizima. Mashine hununuliwa nyingine. Sauti iliyorekodiwa mara moja hainunuliwi.

MASHINE INASOMAJE?

CD ina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, ikiwa kazi ya pamoja ya kampuni za Sony na Philips. Mashine ya kwanza ya kubebeka, Sony D-50, ilifuata mwaka 1984.

Muziki umeandikwa kwa alama ndogo sana zilizopangwa kwenye njia moja ndefu. Njia hiyo huanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka kuelekea ukingoni, kama ile dawa ya mbu ya kuchoma ilivyojikunja. Tofauti ni wembamba. Tukigawanya milimita moja mara 1,000, nafasi kati ya mzunguko mmoja na wa pili wake ni sehemu 1.6 tu. Unywele mmoja wa kichwani ungefunika mizunguko 30 au zaidi. CD iliyojaa, njia yake ikinyoshwa, hupita kilomita 5.

Ili kuifuata njia hiyo, mambo matatu hutendeka kwa pamoja. Kwanza, mota huzungusha CD, kiasi cha mara 500 kwa dakika inaposoma karibu na katikati, na kushuka hadi kiasi cha mara 200 inapofika ukingoni. Pili, kigari kidogo kilichobeba lenzi hutembea polepole juu ya reli, kikisukumwa na gia. Tatu, lenzi yenyewe imening'inia kwenye nyaya nyembamba na hucheza juu na chini, kushoto na kulia, ili mwanga wa leza uangukie hasa kwenye alama. Mwanga huo una urefu wa wimbi wa nanomita 780, na jicho letu karibu haliuoni kabisa.

Basi, CD ikiyumba, kigari kikikwama, lenzi ikichafuka au umeme ukipungua, sisi tunasikia kitu kilekile: kuruka.

Katika somo la mantiki tunaonywa kuhusu jambo hili. Kutoka kwenye sababu kwenda kwenye tokeo njia huwa nyepesi. Kurudi kutoka kwenye tokeo hadi kwenye sababu ni kazi, kwa kuwa tokeo moja laweza kuzaliwa na sababu mbalimbali. Dawa yake ni ile njia ya tofauti aliyoieleza John Stuart Mill mwaka 1843: badili jambo moja tu, mengine yote yaache yalivyo, kisha tazama kama tokeo limebadilika. Ukibadili betri, ukaosha CD na kufuta lenzi kwa mara moja, hata mashine ikipona hutajua kilichoiponya. Kesho ikirudia utaanza upya.

KWANZA: NI CD AU NI MASHINE?

Hatua hii haihitaji bisibisi. Itoe CD yenye thamani na kuiweka kwenye kasha lake. Chukua nyingine usiyoogopa kuipoteza, ikiwezekana ya dukani iliyotengenezwa kiwandani. Hakikisha imekaa vizuri kwenye kitovu cha katikati, kwa mashine nyingi za mkononi ni lazima uibonyeze mpaka isikike "ta!" CD isiyokaa sawasawa huyumba, na watu wengi wamemlipa fundi kwa kosa hilo tu.

Weka mashine juu ya meza, usiishike. Kama ina kitufe cha kuzuia mtikisiko, kizime kwa muda. Kitufe hicho huifanya mashine isome haraka kuliko inavyopiga na kujiwekea akiba ya muziki, sekunde 10 au 40 kutegemea mashine. Lenzi ikipoteza njia, tunasikilizishwa akiba wakati inaitafuta tena. Ni msaada mzuri ukiwa safarini, lakini wakati wa uchunguzi unaficha ugonjwa.

Sasa sikiliza kwa makini, CD nzima. Kuruka kwenyewe kunasema mengi:

– Ikiruka pale tu mashine inapotikiswa, huenda hakuna ubovu wowote. Tafuta mahali pa kuiweka.

– CD moja ikiruka mahali palepale kila mara, na nyingine zikipita salama, tazama CD hiyo.

– CD zote zikiruka ovyo bila mpango, anza na umeme, kisha lenzi.

– CD zote zikianza vizuri na kuharibika zinapofika dakika fulani, tazama reli na gia, maana kigari kinakwama kwenye sehemu moja ya safari yake.

– Mashine ikisoma CD za kiwandani na kukataa zilizorekodiwa kwenye kompyuta, lenzi inaweza kuwa chafu au leza imeanza kuchoka, kwa sababu CD za kurekodi nyumbani kwa kawaida hurudisha mwanga hafifu zaidi.

Fundi mmoja wa redio pale Chake Chake, mzee Mwislamu aliyetupokea kama wanawe, alitufundisha kwamba mashine husikilizwa kwanza ndipo ikafunguliwa. Alikaa na mashine yetu karibu saa nzima bila kugusa skrubu hata moja.

PILI: UMEME

Betri mbili kavu zikiwa mpya hutoa volti 1.5 kila moja, jumla volti 3. Zile za kuchaji hutoa takriban volti 1.2 kila moja, jumla 2.4, na baadhi ya mashine za zamani hazitosheki nazo. Mota huhitaji nguvu nyingi inapoanza kuzungusha CD. Ndiyo maana mashine yenye betri dhaifu huweza kuwaka na kuonyesha namba vizuri, lakini ikashindwa kusoma. Taa kuwaka si ushahidi kwamba umeme unatosha.

Tazama pia vyuma vinavyogusa betri. Hewa ya bahari ina chumvi, na Pemba hakuna mahali palipo mbali na bahari. Ukiona unga mweupe uliovuja kutoka kwenye betri za alkalaini, lowesha kijiti cha pamba kwa siki au maji ya ndimu kidogo sana, futa, kisha pitisha kijiti kingine chenye maji safi kidogo na ukaushe kabisa. Kutu ya kawaida huondolewa kwa msasa laini. Usiguse unga huo kwa mikono mitupu ukajisugua macho.

Kama unatumia adapta, soma maandishi kwenye mashine kabla ya kuichomeka: volti ngapi, na alama ya chanya iko ndani au nje ya pini. Adapta nyingi zinafanana kwa umbo na kutofautiana kwa ndani. Iliyogeuzwa chanya na hasi inaweza kuiua mashine mara moja.

TATU: LENZI

Zima mashine, toa betri, fungua kifuniko. Kamwe usiibane ile swichi ndogo ya kifuniko ili leza iwake huku unachungulia. Mwanga usioonekana hauwezi kukufanya ukapepesa jicho, kwa hiyo jicho halijilindi.

Ikiwa mashine imetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto la nje, lenzi hupata ukungu, kama miwani inavyopata. Dawa ni subira: acha kifuniko wazi, betri zikiwa nje, kwa saa moja au mbili.

Vumbi la juu liondoe kwa kipira cha kupulizia hewa, kile cha kusafishia masikio kinachouzwa maduka ya dawa. Usipulize kwa mdomo, maana utaongeza mate. Ikibaki chafu, chukua kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, asilimia 90 au zaidi, na kuipitisha juu ya lenzi kwa duara moja au mawili, bila kukandamiza. Kumbuka lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba. Ikizama kidogo na kurudi juu ni kawaida. Ikisukumwa kwa nguvu haitarudi mahali pake.

Usitumie spiriti ya rangi ya kuwashia taa, wala manukato, wala mafuta ya karafuu. Hili la mwisho tunalitaja kwa sababu Pemba ni kisiwa cha karafuu, na mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye makonyo katika kiwanda cha Wawi yana sifa ya kusafisha na kutibu mengi. Kwenye lenzi huacha utando, na yanaweza kulainisha plastiki.

NNE: RELI NA GIA

Hapa panahitaji mkono uliozoea bisibisi ndogo. Kama huna mkono huo, mpelekee fundi na umwambie ulichokwisha kukiona. Utampunguzia kazi na kujipunguzia gharama.

Grisi ya kiwandani hukauka kwa miaka na kukamata vumbi, ikawa kama ulimbo. Kigari hupanda hapo, husita, lenzi hujinyoosha mpaka mwisho wa uwezo wake, kisha njia humponyoka. Fundi hufuta reli na meno ya gia kwa kijiti chenye alkoholi, huangalia kama kuna jino lililovunjika, na hupaka grisi mpya nyepesi isiyodhuru plastiki, kiasi cha kichwa cha pini. Mafuta ya kupikia na ya nazi hayafai. Baada ya muda huganda na kunata kuliko uchafu wa kwanza.

Ubavuni mwa sehemu ya leza kuna skrubu ndogo sana. Wapo wanaoizungusha ili leza iwake kwa nguvu zaidi, na kweli mashine iliyochoka huweza kusoma tena kwa muda. Lakini leza inayosukumwa hivyo huisha upesi. Iache, isipokuwa mikononi mwa fundi mwenye vipimo.

Kwa mashine yetu, ubovu ulikuwa kwenye reli. CD ya majaribio ilianza vizuri na kuharibika dakika ileile kila mara, na CD ya pili ikafanya hivyo hivyo. Fundi alisafisha reli, akapaka grisi, na CD zote mbili zikapita toka mwanzo hadi mwisho. Tulifurahi. Tukarudi kigangoni, tukaweka CD ya kwaya, ikapita wimbo wa kwanza hadi wa sita kwa usalama. Wimbo wa saba ukaruka.

TANO: CD YENYEWE

Wimbo wa saba ulitufundisha jambo ambalo mantiki inasema na sisi husahau: kupata sababu moja si kupata sababu zote. Mashine ilikuwa na ubovu, na CD nayo ilikuwa na wake. Ubovu wa kwanza ulikuwa umeufunika wa pili.

Tuanze na habari njema. CD imetengenezwa ikijua kwamba itakwaruzwa. Muziki umeandikwa pamoja na hesabu za ziada, na sehemu zake zimetawanywa, ili zinapopotea kidogo mashine iweze kuzikokotoa upya. Pengo la kiasi cha milimita 2.5 kwenye njia linaweza kujazwa kikamilifu bila msikilizaji kujua. Kwa hiyo mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni si hatari sana, maana unakata kila mzunguko kwa nafasi ndogo. Mkwaruzo unaofuata njia, kwa mviringo, ndio unaomeza sehemu ndefu isiyoweza kukokotolewa.

Hiyo ndiyo sababu CD hufutwa kutoka tundu la katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka, na si kwa kuzungusha mkono. Ioshe kwa maji safi na sabuni kidogo laini, kwa ncha za vidole, isuuze, kisha ikaushe kwa kitambaa laini cha pamba. Dawa ya meno ambayo wengi huisifu ni msasa mwembamba. Usiijaribu kwenye nakala pekee.

Watu wengi hulinda upande unaong'aa na kuutupa mezani upande wenye maandishi. Ukweli ni kinyume. Chini ya upande unaong'aa kuna plastiki nene inayokinga. Chini ya maandishi kuna rangi nyembamba tu, na papo hapo ndipo ulipo utando wa chuma unaorudisha mwanga. Mkwaruzo wa upande huo huondoa utando wenyewe. Ili kujua, inua CD mbele ya taa. Ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, pale muziki haupo tena, na hakuna sabuni wala fundi atakayeurudisha.

Tuliinua CD ya kwaya mbele ya taa. Kulikuwa na mstari mfupi wa vitundu chini ya jina la kwaya, lililoandikwa kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu. Aliyeandika alitaka kuilinda CD isipotee. Wimbo wa saba haukupona wote. Ubeti wa tatu haukusikika. Wanakwaya wawili wa zamani walikaa jioni mbili wakikumbushana sauti ya nne, mmoja akianza na mwingine akisahihisha, nasi tukaziandika nota za sol-fa. Nyimbo nyingine zote zilinakiliwa siku ileile.

MASHINE IKIPONA, NAKILI KWANZA

Mashine ya zamani iliyopona imekupa muda, haikukupa ahadi. Leza huchoka, na sehemu zake za kubadilisha mara nyingi ni ghali kuliko mashine nyingine ya mtumba. Basi ikishaanza kusoma, usiirudishe CD kwenye mazoezi ya kila siku. Peleka CD kwenye kompyuta yenye sehemu ya kusomea CD na uinakili yote, kwa faili lisilopunguzwa ubora. Hifadhi nakala mbili mahali pawili tofauti, kwa mfano moja ofisi ya parokia na nyingine kwa katibu wa kwaya. Isikilize nakala kabla ya kuiamini. Nakala ambayo haijasikilizwa ni matumaini tu. Nyimbo za kwaya nyingine zinazouzwa tuzinunue; kuhifadhi cha kwetu ni tofauti na kusambaza jasho la wengine.

CD yenyewe iwekwe ndani ya kasha, ikisimama wima, mbali na jua. Zile zilizorekodiwa kwenye kompyuta zina rangi maalumu inayoharibiwa na mwanga wa jua, kwa hiyo kioo cha mbele cha gari na dirisha la sakristia si mahali pake. Jina liandikwe kwa kalamu laini ya kitambaa karibu na tundu la katikati, au kwenye kasha tu. Karatasi ya kubandika isitumike, kwani huifanya CD iyumbe inapozunguka.

Na kila kwaya iulize swali moja wiki hii: ni wimbo gani wetu uliobaki kwenye CD moja tu, au kwenye kichwa cha mzee mmoja tu? Wa kwenye CD unakiliwe. Kwa yule mzee, tuende tukiwa na daftari, tumwamkie na kumwomba aimbe sauti zote, moja baada ya nyingine, huku tukiandika.